Simu mkononi mwa mtoto: mwongozo wa fundi simu wa Lamu kwa wazazi na walimu

Nianze kwa kukiri. Kibanda changu cha simu kipo Langoni, mtaa wa mji wa Lamu, pwani ya Kenya, na kwa miaka mingi mzazi aliponiletea simu "ya mtoto" nilimfungulia akaunti ya Google kwa dakika tatu, na pale panapoulizwa mwaka wa kuzaliwa nikaandika 1990. Ukiandika umri wa kweli wa mtoto wa miaka kumi, safari huwa ndefu: mzazi atakiwe, aingize akaunti yake, athibitishe, na huku nyuma wateja wamejazana. Basi nikawa nawafanya watoto wa Mkomani na Langoni watu wazima wa miaka thelathini na kitu, na wazazi wakinishukuru kwa wepesi wangu.

Aliyenizindua ni kijana wa miaka 13. Mamake alinipa simu akasema, "Fundi, futa kila kitu, huyu halali usiku." Kisha akaenda sokoni kutafuta samaki. Kijana akabaki kaushika ukingo wa meza yangu kwa mikono miwili. Alipoona mama amepinda kona, akauliza kwa sauti ya chini: "Ami, ukifuta, yule atajua?" Nikamwambia anionyeshe. Ujumbe wa mwisho ulikuwa: "Tuma 3,000 kabla ya Ijumaa ama picha zako zinaenda kwa mamako na grupu la darasa." Alikuwa ameshatuma 1,200, mia mbili mia mbili, kutoka M-Pesa ya mamake. Aliyekuwa akimwandikia alikuwa na picha ya msichana mzuri na alijiita mwanafunzi.

Ningetii agizo la yule mama nikaifuta simu, ushahidi wote ungekwenda. Kesi yake nitairudia mwishoni. Huu hapa ni mpangilio ninaoufuata sasa, kwa wanangu na kwa simu za wateja.

Hatua ya 1: Kauli yako kabla ya simu

Hii haina kitufe, ndiyo maana wengi huiruka. Nilimuuliza kijana kwa nini hakumwambia mamake siku ya kwanza. Akajibu neno moja: "Atanipokonya."

Mimi mwenyewe nilishafanya kosa hilo. Mwanangu mkubwa alipokuwa gredi ya saba nilimkuta na video za ovyo, nikaichukua simu muhula mzima. Nikajiona baba. Kumbe alihamia kwenye simu ya rafiki yake akafungua akaunti nyingine, na kila lililompata humo sikulisikia mpaka shule zilipofungwa. Simu niliipata, habari niliikosa.

Kwa hiyo kabla hujampa, mwambie maneno haya, na uyaseme tena kila mara: "Mtu akikutisha, akikuomba picha, au ukikosea wewe mwenyewe, ukiniambia sitakunyang'anya simu na sitakupiga." Kisha utimize. Adhabu ya kuchelewa kulala ni jambo jingine. Isichanganywe na siku aliyokuja kukueleza jambo zito. Ukiivunja ahadi mara moja tu, hatakuja tena.

Hatua ya 2: Umri wa kweli

Programu kama WhatsApp, TikTok, Instagram na Facebook zinataka mtumiaji awe na miaka 13 au zaidi. Mtoto wa miaka 11 anayeingia kwa kudanganya hajaongeza miaka miwili tu. Aghalabu amejiandika mtu mzima, na hapo kinga zote zinamvuka. Mfano TikTok: akaunti ya aliye chini ya miaka 16 huanza ikiwa ya faragha na haipokei ujumbe wa moja kwa moja. Iliyoandikwa amezaliwa 1990 inaweza kupokea ujumbe wa watu asiowajua, saa nane za usiku.

Fungua akaunti ya mtoto na utazame mwaka wa kuzaliwa. Ni wa uongo? Usihangaike kuipaka rangi. Hamisha picha na namba anazozihitaji, kisha mfungulie mpya kwa tarehe yake ya kweli.

Kwa aliye chini ya miaka 13 mwenye simu ya Android, tumia Family Link. Ni ya Google, na ni bure. Unaiweka kwenye simu yako, unamfungulia mtoto akaunti ndani yake, halafu unaiingiza kwenye simu yake. Kuanzia hapo akitaka kupakua programu, ombi linakuja kwako. Unaweza kupanga saa ya simu kujifunga usiku, na unaona mahali simu ilipo. Nambari ya siri ya mzazi usimpe hata kaka yake, maana kaka ndiye wa kwanza kuhongwa.

Aliyetimiza 13 na yumo TikTok, mna chaguo la kuoanisha akaunti yako na yake ndani ya mipangilio. Unalazimika kuwa na akaunti wewe pia. Wazazi wengi hunung'unika hapo. Fungua tu, hakuna atakayekulazimisha kucheza.

Hatua ya 3: Chujio linalotembea na simu

Watu huniambia, "Kwangu hakuna Wi-Fi, niko salama." Pita usiku kwenye vichochoro karibu na nyumba za wageni, hapa mjini au Shela. Utawaona vijana wamejipanga barazani, nyuso zinang'aa buluu, kila mmoja ana nenosiri la nyumba hiyo. Walilipata kwa mfanyakazi, na limezunguka mtaa mzima. Ukifunga mtandao wa nyumbani peke yake, umefunga dirisha na mlango u wazi.

Suluhisho ni kuweka chujio ndani ya simu yenyewe, lifanye kazi kwa bando, kwa Wi-Fi ya jirani na ya hoteli. Kwenye Android toleo la 9 na kuendelea, ingia Mipangilio, sehemu ya mtandao, utafute DNS ya faragha (DNS ni kama daftari la majina ambalo simu hulisoma kujua tovuti iko wapi). Chagua kuandika jina la mtoa huduma mwenyewe, kisha andika hivi bila nafasi yoyote:

family.cloudflare-dns.com

Hifadhi. Huduma hiyo ni ya bure na huzuia tovuti za ngono pamoja na tovuti zinazojulikana kwa virusi. Ukiwa na ruta yako nyumbani, iwekee DNS ya 1.1.1.3, na ya pili 1.0.0.3, runinga na kompyuta nazo zipate.

Nisikudanganye kuhusu uwezo wake. Haioni kilichomo ndani ya WhatsApp wala TikTok, na mtoto mjanja atajua pa kuizima. Hiyo ni sababu ya kuitazama kila wiki mbili. Ukiikuta imezimwa, uliza kwa utulivu kabla ya kuirudisha. Kuna Wi-Fi zingine zenye ukurasa wa kuingilia ambazo hazikubali mpaka uizime, kwa hiyo si kila kuzima ni uhalifu.

YouTube ina hali yake yenye vizuizi, iwashe. Wadogo wa chini ya miaka minane wapewe YouTube Kids. Na kwa vyovyote uzime ile ya video kujicheza zenyewe. Mtoto anaanza na katuni ya paka, baada ya nusu saa huelewi amefikaje alipofika.

Hatua ya 4: Simu ni ya mama, mtoto anaazima

Nyumba nyingi hazina "simu ya mtoto". Ipo ya mama, inayozunguka: saa ya kazi ya shule, saa ya katuni, saa mama anapopika. Humo humo mna M-Pesa, picha za harusi na sauti za rafiki zake.

Fanya haya. PIN ya M-Pesa isiwe mwaka wa kuzaliwa wa mtoto yeyote; watoto huzijua zote. Iwekee programu ya M-Pesa na WhatsApp alama ya kidole. Ukimpa simu atazame kitu kimoja, kibanie kile kitu: Android nyingi zina uwezo wa kubandika programu moja kwenye skrini, ukiuwasha katika mipangilio ya usalama mtoto hawezi kutoka mpaka uandike nambari yako. Simu nyingine zinaruhusu watumiaji wawili, na hapo mtoto anakuwa na upande wake kabisa. Kama hujui yako ikoje, ipeleke kwa fundi unayemwamini, ukae naye, usiiache mezani ukaenda zako. Nasema hivyo mimi niliye fundi.

Na akimaliza kutumia, futa historia ya kutazama ya YouTube mara kwa mara, usije wewe ukaletewa gemu na yeye akaletewa ya wakubwa.

Hatua ya 5: WhatsApp na gemu

WhatsApp ndiyo mtandao wenyewe kwa watu wa huku, basi nikae hapa kidogo. Ingia Mipangilio, kisha Faragha. Picha ya wasifu, "mara ya mwisho" na taarifa, ziwe kwa anwani zako tu, yaani namba ulizozihifadhi. Vikundi: wanaoweza kukuunganisha wawe anwani zako tu. Kipengele hiki kimoja kingewaokoa watoto wangapi! Binti yangu aliwahi kutiwa kwenye grupu la "wallpaper" lenye watu zaidi ya mia mbili na namba za nchi sizijui. Picha za mwanzo zilikuwa maua, za jioni hazikuwa maua. Nyamazisha pia simu za wasiojulikana, na uweke uthibitishaji wa hatua mbili.

Kisha tazama "vifaa vilivyounganishwa". Ukikuta kompyuta au simu usiyoijua, iondoe papo hapo, maana kuna mtu anasoma kila kitu. Nimekuta mbili mwaka huu, moja ya rafiki wa shule aliyeazimwa simu dakika tano.

Gemu wazazi huzidharau kwa sababu zina kelele za watoto. Gemu za kupigana za mtandaoni zina maongezi ya sauti na maandishi na watu wa dunia nzima. Zima maongezi na wasiojulikana ndani ya gemu, na duka liombe nenosiri kwa kila ununuzi. Mtu akimpa mtoto almasi au sarafu za gemu bure, hiyo ni chambo. Hakuna mvuvi anayetupa chambo kwa kusaidia samaki.

Hatua ya 6: Wa dakani, wa kiwandani, wa ndani

Nyumba zetu za mawe zilijengwa kwa adabu. Mgeni hupiga hodi na kuishia dakani, yaani baraza ya mlangoni. Akijulikana zaidi huingia kiwandani, yaani uani. Ndani, pale watu wanapolala, hafiki ila wa nyumba. Mtoto wa Lamu anaujua mpangilio huu kabla hajajua kusoma, basi mfundishie kwa huo huo.

Kaeni pamoja na simu yake. Chukueni karatasi mchore nyumba, halafu mpitie majina moja moja: huyu ni wa wapi? Anaowajua kwa sura na kwao ni wa kiwandani. Bibi, shangazi, ami ni wa ndani. Anayemjua kwa simu tu, hata wakiongea mwaka mzima, hata akiwa na picha nzuri na Kiswahili kitamu, ni wa dakani. Wa dakani hapewi jina la shule, njia ya kurudia chuoni (madrasa), picha akiwa na sare, wala siri.

Kisha mweleze ngazi za mtegaji, kwa sababu hupanda kwa utaratibu. Kwanza sifa: "unajua sana, si kama wenzako." Pili zawadi ndogo, bando au sarafu. Tatu siri: "usimwambie mamako, hatakuelewa." Nne kuhamisha maongezi kwenda programu nyingine. Tano picha, na mara nyingi yeye hutanguliza ya kwake, ambayo si yake. Sita ni vitisho. Mwambie akome kwenye ngazi ya tatu: mtu mzima anayemwomba mtoto amfiche mzazi jambo, huyo hata akiwa jamaa, atajwe.

Hata akiwa jamaa. Sisi Waswahili hapa ndipo tunapoinamisha vichwa. Na wavulana wasisahauliwe. Wanaotishiwa pesa kwa picha, kwenye kibanda changu, wote walikuwa wavulana.

Pwani hii ina historia yake. Utafiti wa UNICEF na serikali wa mwaka 2006 ulikadiria kuwa wasichana 10,000 hadi 15,000 katika Malindi, Mombasa, Kilifi na Diani walikuwa wakitumiwa kingono, kwa vipindi, na watalii na wenyeji. Zamani hizo mtu alihitaji ndege, chumba na dalali. Siku hizi anahitaji bando.

Hatua ya 7: Shule na chuo

Uliza maswali matatu ya wazi kwa mwalimu mkuu: kompyuta na tableti za shule zina chujio gani, nani anasimamia saa za kuzitumia, na mtoto akitishwa mtandaoni amwendee mwalimu yupi. Jibu la tatu likiwa "yeyote", maana yake hakuna.

Grupu la darasa liwe la wazazi, na wanaoweza kuandika wawe wasimamizi pekee. Mwalimu asiwasiliane na mwanafunzi mmoja mmoja faraghani. Lenye kuhusu mtoto liende kwa mzazi. Hili halimtuhumu mwalimu, linamlinda. TSC, tume inayoajiri walimu, yenyewe ina waraka wa mwaka 2010 wa kuwalinda wanafunzi dhidi ya dhuluma za kingono, na mwalimu anayejua jambo akanyamaza anawajibika.

Picha za mashindano, za Maulidi na za kuhitimu: shule iombe idhini ya mzazi kabla ya kuzitia mtandaoni. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka hivyo kwa taarifa za mtoto, na haichezewi. Mwaka 2023 shule moja ya Nairobi ilitozwa faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuweka picha za wanafunzi bila idhini. Nasi wazazi tujitazame. Unaweka picha ya binti akiwa na sare, beji inasomeka, umeandika jina lake na "gredi ya nne, hongera mwanangu". Umemaliza kazi ya mtegaji.

Chuoni kwa maalimu mambo ni mepesi zaidi: kikapu cha simu mlangoni, basi. Ramadhani na likizo ya Disemba ndizo ngumu. Baada ya tarawehe watoto wako nje mpaka daku, na simu ziko nao. Kwangu tuna kanuni ya saa tatu na nusu, simu zote hulala juu ya friji, yangu ikiwemo. Ramadhani huisogeza mpaka saa tano, haiondoki.

Hatua ya 8: Likishatokea

Sasa turudi kwa yule kijana. Nilichofanya ndicho ninachokushauri ufanye, kwa mfuatano huu huu.

Usifute kitu, na usirudishe simu hali ya kiwandani. Usilipe, aliyelipwa 1,200 alirudi akitaka 3,000, na ndivyo wanavyofanya wote. Usimjibu matusi wala usijifanye mtoto ili umnase, utaharibu.

Piga picha za skrini za vitisho, jina la akaunti, kiungo chake, namba ya simu, tarehe na saa. Hifadhi ujumbe wa M-Pesa uliothibitisha malipo, na namba ya tapeli uitume kwa 333 ya Safaricom. Lakini picha ya utupu ya mtoto usiinakili wala usimtumie mtu, si mumeo, si mwalimu, si kwa nia njema. Iache ilipo, kwenye simu ile ile, polisi waione hapo. Sheria ya Makosa ya Kompyuta ya 2018 inahesabu kusambaza picha ya ngono ya mtoto kuwa kosa lenye kifungo cha hadi miaka 25 au faini ya hadi shilingi milioni 20, au vyote viwili. Grupu la familia linaweza kuwafunga watu wema.

Baada ya kuhifadhi ushahidi ndipo uripoti akaunti ndani ya programu na kumzuia.

Piga 116, Childline Kenya, simu ya msaada wa watoto. Ni bure, usiku na mchana, na mtoto anaweza kupiga mwenyewe. DCI, polisi wa upelelezi wa jinai, wana namba ya bure 0800 722 203, na kitengo chao cha kulinda watoto kina ofisi Mombasa. Hapa mjini nenda dawati la jinsia kituo cha polisi, au kwa afisa wa watoto wa serikali. Mwambie afisa kwanza kwamba ni kesi ya mtandaoni na simu unayo, haijafutwa.

Kama picha tayari zipo au zinahofiwa kusambazwa, ipo huduma ya bure ya takeitdown.ncmec.org kwa picha zilizopigwa mtu akiwa chini ya miaka 18. Picha haitoki kwenye simu. Huduma inatengeneza alama yake tu, na Facebook, Instagram na TikTok huitumia alama hiyo kuizuia. Haiwezi kuifuata ndani ya mazungumzo ya WhatsApp.

Na akijulikana kuwa ni mtu wa karibu, msikae kikao cha kumalizana nyumbani. Atalipa mbuzi na fedha, ataomba radhi mbele ya wazee, kisha atahamia kwa mtoto wa jirani.

Mamake aliporudi nilimketisha kwenye stuli ya wateja, nikamwomba anisikilize mpaka nimalize. Kijana alisimama nyuma ya friji ya maji baridi, tukiona viatu vyake tu. Nilieleza yote, na kuhusu zile 1,200 pia. Alinyamaza muda mrefu, kapu la samaki magotini, maji yanadondoka sakafuni kwangu. Nilidhani atapiga kelele. Akageuka kule kwenye viatu.

"Umekula lakini, mwanangu?" akauliza.